Uzi maalumu: Spock na Uhura, na utamu wa hadithi za mapenzi za mashabiki wa Star Trek

#1 Kimondo (mleta uzi)

Salaam wanajukwaa.

Humu tumekuwa na nyuzi za riwaya za upelelezi, za majini, za mapenzi ya chuoni, na zote zinachangamka. Hadithi za mashabiki bado hazina uzi wake. Nazipenda mno kuendelea kuzisoma peke yangu, kwa hiyo naufungua leo, na utakuwa mrefu. Mwenye chai aiweke karibu.

Kwa ambaye hajakutana nazo: ni hadithi anazoandika mtazamaji au msomaji akiwatumia wahusika wa kazi iliyokwisha kutoka. Halipwi. Anawaandikia wenzake wanaowapenda wahusika hao hao. Zipo za kila aina ya kazi, ila mimi nimekita kambi kwenye Star Trek, tamthilia ya Marekani kuhusu wafanyakazi wa chombo cha anga kiitwacho Enterprise, na ndani ya Star Trek nafuata watu wawili. Wa kwanza ni Spock, ofisa wa sayansi, baba Mvulkani (mtu wa sayari ya Vulcan) na mama binadamu, aliyelelewa kuamini kwamba hisia ni kitu cha kutawaliwa. Wa pili ni Uhura, ofisa wa mawasiliano, mwanamke wa Kiafrika anayekaa hatua chache kutoka kwa Spock kila zamu.

Turudi usiku wa kwanza kabisa. Tarehe 8 Septemba 1966, kituo cha NBC cha Marekani kilirusha sehemu iitwayo "The Man Trap". Kazi imepoa kwenye chumba cha uongozi. Uhura amechoka kutuma na kupokea ujumbe, anamgeukia Spock na kumchokoza: kwa nini hamsifii uzuri wake, kwa nini hamuulizi kama amewahi kupenda, basi angalau amsimulie Vulcan ilivyo jioni tulivu mwezi ukiwa mpevu. Spock anamjibu kwamba Vulcan haina mwezi. Uhura anasema wala hashangai.

Punde inaletwa taarifa kwamba mmoja wa walioshuka kwenye sayari amekufa, na Spock anaipokea kama anavyopokea namba. Uhura anamkemea waziwazi: huenda aliyekufa ni nahodha Kirk, mtu wa karibu zaidi na urafiki aliye naye, na yeye amekaa tu! Spock anamjibu kwamba kuonyesha kujali hakutabadili kilichotokea. Halafu, ndani ya sehemu hiyo hiyo, kiumbe kinachobadili umbo kinamkuta Uhura kwenye korido. Kinachukua sura ya mwanamume mweusi kilichoichota kwenye mawazo yake Uhura mwenyewe, na kinamsemesha kwa Kiswahili.

Kiswahili, wakuu, kwenye usiku wa kwanza wa Star Trek. Na kinatumika kumtongoza mwanamke aliye mbali na kwao.

Sasa tazameni kilichowekwa mezani kwa saa moja isiyofika: mwanamke mpweke anayeuliza swali la mapenzi, mwanamume asiyejua kulijibu, na kiumbe anayeuona upweke wa Uhura kuliko wenzake wote wa chomboni. Tamthilia ile iliendelea hadi 1969, sehemu 79, na mazungumzo yale ya mwezi hayakurudiwa. Wiki iliyofuata Uhura aliimba wimbo wa kumtania Spock naye akampigia kinubi cha Kivulkani, uso wake ukiwa karibu na tabasamu. Kisha basi, wakaachwa hapo.

Mashabiki ndio hawakuacha. Mwaka 1967 kilitoka Spockanalia, kijarida cha kwanza cha mashabiki wa Star Trek, na vingine vikafuata, vikisambazwa kwa posta na kwenye mikutano yao. Waandishi wengi walikuwa wanawake. Mwaka 1974 ikachapwa hadithi inayotajwa kuwa ya kwanza kuwaweka Kirk na Spock katika mapenzi, na kutokana na watu hao wawili ile alama ya mkwaju (/) kati ya majina ikawa desturi ya mashabiki kote duniani. Ukiona "Spock/Uhura", mkwaju huo una asili ya zamani kuliko intaneti ya majumbani.

Nataka tuzungumze kwa nini hadithi hizi zinafaa kusomwa kwa heshima ile ile tunayoipa riwaya. Karibuni.

#2 Mzee wa Hoja

Mkuu Kimondo, nimesoma yote, hongera kwa kuandika kwa utulivu. Lakini niulize bila kupepesa. Wahusika si wao, ulimwengu si wao, mapenzi yenyewe kwenye tamthilia ya zamani hayapo. Mtu ana kipaji cha kuandika kurasa mia tatu, kwa nini asitunge watu wake? Kwangu naona ni kama mtu kucheza ngoma ya harusi isiyo yake.

#3 Kimondo

Mzee wa Hoja, shikamoo. Swali lako ni la haki, na jibu lake ndilo lililonifanya nibaki kwenye fasihi hii.

Anayetunga mhusika wake ana uhuru mkubwa. Mhusika akikwama, anambadilisha. Akitaka aseme "nakupenda", atasema. Mwandishi wa hadithi ya mashabiki hana ruhusa hiyo. Wasomaji wake wote wanamjua Spock, wamemtazama akinyanyua unyusi mmoja na wanajua anachomaanisha. Spock akitamka "nakupenda" ukurasa wa pili, wasomaji wanaondoka, kwa sababu huyo si Spock tena. Mwandishi amefungwa mikono na tabia ya mtu anayejulikana, na bado anatakiwa atufikishe kwenye mapenzi. Inambidi atafute njia ambayo mtu yule, kwa malezi yale, angeweza kuipita kweli.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni vidole. Tarehe 17 Novemba 1967 ilirushwa "Journey to Babel", ambapo tunawaona wazazi wa Spock, Sarek na Amanda. Mbele za watu hawakumbatiani. Wananyoosha vidole viwili na kugusanisha ncha. Tamthilia inalionyesha tendo hilo kwa muda mfupi na kuendelea na mambo ya ubalozi. Mashabiki wakalichukua. Wavulkani husoma mawazo kwa kugusa, wakasema, basi mkono kwao ni mahali pa siri kuliko mdomo. Kutokana na hapo ukajengwa utaratibu mzima wa mapenzi: nani anavaa glovu, nani anaweka mikono nyuma, nani anapokea kikombe kwa kushika kitako chake ili vidole visikutane.

Sasa katika hadithi iliyoandikwa vizuri, Uhura anampa Spock kifaa cha kusikilizia, na kwa mara ya kwanza Spock hausogezi mkono wake. Ni hilo tu lililotokea. Nimewahi kuweka simu chini na kutembea chumbani kwa sababu ya sentensi ya namna hiyo. Hadithi hizi zinawaka kama moto wa makumbi: huoni ndimi, ila ukiweka mkono unaungua. Zipo zinazofika sura ya ishirini kabla hawajabusiana, na msomaji halalamiki.

Kuhusu "si wao", nikuongezee jambo la kihistoria. Mwaka 1976 kampuni ya Bantam ilichapisha kitabu cha hadithi fupi za mashabiki, na Gene Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek mwenyewe, akaandika maneno ya ufunguzi. Mwenye ngoma aliwafungulia mlango.

#4 Fundi Redio

Naomba niingie kwa upande wa kazi yangu. Nimefanya kazi na redio za mawasiliano za masafa marefu. Watu hudhani kazi ya ofisa wa mawasiliano ni kusema. Sivyo. Kazi ni kusikia. Sikio likizoea unamjua mpigaji kabla hajataja jina, kwa anavyovuta pumzi, kwa muda anaokaa kimya baada ya kubonyeza swichi. Unajua kama kuna tatizo kambini kwa sababu mtu amejibu haraka kuliko kawaida yake.

Filamu ya Star Trek ya 2009 ilinifurahisha kwa hilo. Uhura ndiye aliyenasa ujumbe wa Waklingon kuhusu meli 47 zilizoharibiwa, na alipoulizwa kuhusu lugha ya Waromulani (wote hao ni watu wa sayari nyingine) ikaonekana anazijua lahaja zote tatu. Hiyo ndiyo kazi. Watayarishaji wengi wa filamu wanamweka mtu wa redio pale apokee tu simu.

Sijasoma hizo hadithi. Ila nimejiuliza hapa: mwanamke ambaye maisha yake yote ni kusikia yasiyosemwa sawasawa, na mwanamume asiyesema. Mtu wa redio angemwelewa Spock kabla ya daktari.

#5 Kimondo

Fundi Redio, umeandika kwa aya tatu kile ambacho nilipanga kukieleza kwa kurasa. Hapo ndipo hadithi bora za Spock na Uhura zinapoishi.

Uliitaja filamu ya 2009, na ndiyo iliyowapa mashabiki wa wawili hawa kile ambacho hawakukipata kwa miaka zaidi ya arobaini. Humo, katika mkondo mwingine wa wakati, Spock (Zachary Quinto) na Uhura (Zoe Saldana) ni wapenzi kweli. Sayari ya Vulcan imeangamizwa, mama yake Spock amekufa mbele ya macho yake. Spock anaingia kwenye lifti, Uhura anamfuata, anaisimamisha lifti. Anamkumbatia, anambusu, anamuuliza anahitaji nini. Spock anajibu kwamba anahitaji kila mtu aendelee kufanya kazi yake vizuri. Uhura anakubali, lifti inaendelea.

Filamu ililipa tukio hilo kama dakika moja, maana kulikuwa na adui wa kufukuza. Mashabiki wamerudi kwenye lifti ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kusoma. Wapo wanaoandika saa moja kabla, wapo wanaoandika usiku ule zamu ilipoisha, wapo wanaoliandika upya kwa macho ya Spock. Kinachowarudisha, naamini, ni swali la Uhura. Hakuuliza unajisikiaje. Swali hilo Spock asingeweza kulijibu. Aliuliza unahitaji nini, swali lenye jibu, akapewa jibu la kikazi, na akalisikia lililokuwa chini yake. Ni sikio lile lile unalolisema.

Hadithi zinazoharibu hapo zinanitia uchungu kweli. Mwandishi anamliza Spock kurasa tatu mfululizo, anamtoa maneno ya kila kidonda. Kilio kile kinampunguzia Uhura kazi yake. Spock akisema yote, Uhura ana kazi gani ya kusikiliza?

Kisha ulimwengu wa kisayansi wenyewe unaanza kuwabana. Naomba mtu asiseme kwamba vyombo vya anga ni pambo tu katika hadithi hizi. Spock anasema waliosalia katika watu wa Vulcan hawazidi 10,000, kutoka sayari ya watu bilioni sita. Hapo mapenzi na mwanamke wa Dunia yamekuwa swali la kabila zima: ana deni la kuoa Mvulkani na kuzaa Wavulkani? Filamu ya 2016, Star Trek Beyond, inaligusa. Tunawakuta wameachana, na Spock anawaza kwenda kuwasaidia watu wake waliobaki. Uhura anataka kumrudishia mkufu wa vokaya, jiwe la Vulcan, uliokuwa wa mama yake Spock, na Spock anakataa kuupokea, maana si desturi ya Wavulkani kupokea tena zawadi waliyokwisha kuitoa. Baadaye mionzi ya jiwe lile ndiyo inayosaidia kumtafuta Uhura na mateka wenzake. Filamu inafanya mzaha mfupi juu ya mkufu unaotoa mionzi, halafu inapita.

Nimesoma hadithi ambayo sura nzima ni Uhura akiutazama mkufu ule mezani, akipima kama kuuvua ni kumwachia huru au ni kumfukuza. Sikuona maneno mengi ya mapenzi humo. Niliona mwanamke anayejua hesabu ya watu 10,000 na anajua kwamba hesabu hiyo ni ya kweli.

Na kuna umri. Mvulkani huishi zaidi ya miaka mia mbili. Sarek alimzika Amanda katika mkondo wa kwanza wa wakati, akaishi, akaoa tena binadamu mwingine. Spock anajua kwamba akimchagua Uhura anachagua kumzika. Mapenzi ya kawaida yana kifo ndani yake, ila hapa kifo kina ratiba inayojulikana tangu siku ya kwanza, na mmoja wao ni mtu asiyeweza kujizuia kupiga hesabu.

#6 Binti Pwani

Hamjambo nyote. Nasoma kutoka Mombasa. Kimondo, mimi ni wa Spock na Uhura tangu 2009, na sijawahi kupata mtu wa kuzungumza naye kwa Kiswahili, kwa hivyo mniwie radhi nikirefusha.

Filamu ile ilipotoka palikuwa na vita. Baadhi ya mashabiki walikasirika. Wengine kwa sababu ya Kirk na Spock, hilo lao. Lakini wengine walikuja na hoja iliyovaa nguo nzuri: Uhura ni mwanamke hodari, msomi, mbona mnampunguza kuwa mpenzi wa mtu? Wanawake weusi wengi katika ushabiki huo waliwajibu, na mimi niko upande wao mpaka leo. Mwanamke mweusi kwenye filamu za aina ile amezoea kuwa hodari. Ni hodari, anatumwa, anakufa, au anabaki kumshauri rafiki yake wa kizungu kuhusu mapenzi. Kupendwa ndiko alikonyimwa. Sasa kapendwa, tena na mhusika anayependwa kuliko wote, ndiyo mnakumbuka kuwa mapenzi yanashusha hadhi?

Na kuna hili. Watu husifu busu la Kirk na Uhura la tarehe 22 Novemba 1968 katika "Plato's Stepchildren". Ni historia, mzungu na mweusi kubusiana kwenye televisheni ya Marekani wakati ule, sikatai, Nichelle Nichols aliibeba heshima ile mpaka alipofariki 2022. Lakini tazameni hadithi yenyewe. Viumbe wenye nguvu za akili wanawalazimisha. Miili yao inasukumwa kama vinyago. Busu lake la kihistoria, Uhura hakulichagua!

Ndio maana nasoma hadithi za mashabiki. Humo Uhura huchagua. Hufikiri, husita, hukataa wakati mwingine, halafu huchagua.

#7 Mzee wa Hoja

Binti Pwani, hoja ya busu sikuwahi kuifikiria hivyo na naipokea. Kimondo naye kanijibu vizuri juu ya kufungwa mikono.

Lakini kuna jambo mnalizunguka. Katika hiyo filamu ya 2009, Spock ni mwalimu wa chuo na Uhura ni mwanafunzi. Sisi wenye mabinti vyuoni hatuwezi kulipita hilo kwa wimbo mtamu. Hadithi zenu zinasemaje?

#8 Kimondo

Mzee, hatulizunguki, na ni vizuri umelileta.

Filamu yenyewe inaligusa kwa njia ya pembeni. Spock alimpangia Uhura meli ya Farragut badala ya Enterprise ili isionekane kwamba anampendelea. Uhura akamfuata, akamtajia alama na ufanisi wake, akadai alichostahili. Akapata. Ni tukio fupi na mashabiki wengi hulichekea, lakini ukilisoma kwa makini, mwanamke amekosa nafasi aliyoifanyia kazi kwa sababu mwalimu wake alikuwa analinda jina lake mwenyewe. Hapo pana hadithi nzito.

Waandishi wamegawanyika. Wapo wanaolifanya jambo hilo marashi: ofisi ya mwalimu jioni, mlango umefungwa, moyo unadunda. Hizo naziacha kurasa za mwanzo na sizipendekezi kwa mtu. Wapo wanaoanzisha mapenzi baada ya alama zote kutolewa na Uhura kutoka mikononi mwa Spock kikazi. Na wapo wachache, ninaowaheshimu sana, wanaolifanya tatizo hilo ndilo hadithi. Spock ambaye maisha yake yote ni kanuni anagundua kwamba anachelewa kurudisha kazi moja aliyoisahihisha kwa sababu anaisoma mara ya pili. Anaenda kwa mkuu wake kuomba aondolewe kwenye usahihishaji wa kozi ile bila kueleza sababu. Uhura anasikia kwamba amebadilishiwa msahihishaji na anadhani amedharauliwa. Miezi sita hawasemezani. Mwandishi wa namna hii anajua unachokijua wewe kuhusu mabinti vyuoni, na hakukimbia.

Binti Pwani, nilichokuwa nacho kuhusu uchaguzi wa Uhura umekisema kwa nguvu kuliko mimi. Niongeze "The Changeling" ya Septemba 1967. Chombo kiitwacho Nomad kinafuta kumbukumbu zote za Uhura. Tunamwona akifundishwa upya kusoma, na akikwama anatoka na Kiswahili. Sehemu inayofuata yuko kazini kama kawaida na suala halitajwi tena! Mwanamke amepoteza maisha yake yote na tamthilia imeona inatosha kumrudisha kwenye kiti. Waandishi wa hadithi za mashabiki wamekaa hapo na kuuliza maswali ya kibinadamu. Alikumbuka sauti ya mama yake? Wimbo aliomwimbia Spock aliukumbuka au aliusikia kwenye rekodi kama wimbo wa mtu mwingine? Na Spock, ambaye anaweza kumwonyesha kumbukumbu kwa kumgusa, ana haki ya kumpa Uhura kumbukumbu ya Uhura jinsi yeye alivyomwona? Swali hilo la mwisho nimeliona likiandikwa vizuri, na nilikubaliana na mwandishi: Spock anangoja aombwe.

#9 Msomaji Usiku

Nimefuata uzi wote bila kuchangia. Naombeni njia. Mtu mgeni kabisa aanzie wapi, na ajihadhari na nini? Simu yangu ni ya kawaida na bando langu ni la kubana.

#10 Kimondo

Karibu sana. Nenda Archive of Our Own. Ni maktaba ya mtandaoni iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009 na shirika lisilo la faida, Organization for Transformative Works, lililoanzishwa 2007. Haina matangazo, haina malipo, na hadithi zake karibu zote ni maandishi matupu, kwa hiyo bando lako litavumilia. Unaweza hata kupakua hadithi nzima na kuisoma bila mtandao. Mwaka 2019 maktaba hiyo ilipewa tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya bunilizi za kisayansi. Nilifurahi kama tuzo ya ndugu yangu.

Tafuta kwa majina ya wawili hao. Ukiona mkwaju kati ya majina, ni mapenzi. Ukiona alama ya "&", ni urafiki au undugu. Kila hadithi ina daraja la umri na vitambulisho vinavyosema yaliyomo, ikiwemo mambo mazito. Visome kabla ya kufungua, maana zipo za watu wazima tupu na zipo unazoweza kumsomea mama yako. Chuja zilizokamilika. Kuachwa njiani sura ya kumi na nne na mwandishi aliyenyamaza miaka minne ni maumivu, na huna wa kumdai. Anaandika bure.

Anza na muundo ambao mashabiki wanaupenda: mara tano jambo halikutokea na mara moja likatokea. Mara tano Spock alikaribia kumwita kwa jina lake la kwanza, na mara moja akamwita. Ni fupi, na inakuonyesha haraka kama mwandishi anajua kupandisha ngazi. (Jina hilo la kwanza, Nyota, halikutajwa kwenye tamthilia ya zamani. Lilikuwemo vitabuni na midomoni mwa mashabiki kwa miaka mingi kabla Spock hajalitamka kwenye filamu ya 2009.)

Ukimaliza hadithi na ikakugusa, acha maoni. Taja sentensi iliyokushika. Mwandishi wa namna hii malipo yake ni hayo.

#11 Binti Pwani

Nina jambo. Nataka kuandika yangu, kwa Kiswahili. Wazo ni Spock kuja nyumbani kwa kina Uhura, pwani, kukutana na bibi yake. Nimeanza mara kadhaa na kila mara inakuwa vichekesho vya mgeni asiyejua kula kwa mkono. Sitaki hilo. Nifanyeje?

#12 Kimondo

Binti Pwani, wazo hilo lina hazina ndani yake.

Kwanza amua uko mkondo gani wa wakati, kwa sababu wasomaji watakuuliza. Katika Strange New Worlds iliyoanza 2022, Uhura ni Mkenya aliyepoteza wazazi na kaka yake katika ajali ya chombo, lakini humo Spock ana mchumba wake T'Pring, na baadaye muuguzi Chapel. Ukitaka wawe wapenzi tayari bila kumwibia mtu, chukua mkondo wa filamu za 2009. Ukiwa humo, Spock amempoteza mama yake binadamu. Anaingia nyumba ya mwanamke mzee wa Dunia akiwa na msiba huo, hata kama hakuna atakayeutaja. Hilo peke yake linakuondoa kwenye vichekesho.

Pili, achana na chakula. Shika salamu. Wewe wa pwani unajua zaidi yangu: bibi akikupa mkono haachii. Anakushika, anauliza habari za safari, habari za nyumbani, wazazi hawajambo, na mkono bado umo ndani ya mikono yake miwili. Sasa huyu ni Mvulkani anayesoma kwa kugusa. Kila swali la bibi linamfikia mara mbili, kwa sikio na kwa kiganja. Akiulizwa habari za mama, atajibu nini, na bibi yuko pale anangoja, amemshika?

Swali litakalokusumbua ni kama Uhura alimwonya kabla. Nashauri alimwonya. Uhura hawezi kumleta pale bila kumwambia, na angeshamtafutia njia ya heshima ya kukwepa, mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Basi Spock anajua, njia ya kukwepa anayo, na bibi ananyoosha mkono. Andika kuanzia hapo, kwa macho ya Uhura. Wasikilizishe wasomaji salamu nzima, usiikate hata swali moja. Ukifika kwenye jibu la Spock na ukaona limekuwa sentensi ndefu, futa uanze tena.

Ukiwa tayari, Archive inakuruhusu kuchagua Kiswahili kama lugha ya hadithi. Iweke huko, kisha utuletee kiungo hapa. Fundi Redio, wewe ukae tayari kuikagua kwa sikio lako.

#13 Fundi Redio

Niko tayari. Na bibi asiwe mtu wa kuongea sana. Aulize, anyamaze, asikie.